Kabati jipya la MDF na macho ya mtoto: nimekosea wapi mimi fundi?

FundiMkongo (Mtwara)

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Moyo wangu mzito, naomba anayejua anisaidie kabla sijaenda kuonana na mteja wangu Jumamosi.

Mimi ni seremala, karakana yangu ipo Magomeni hapa Mtwara mjini. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu Masasi, enzi hizo mninga na mkongo tu. Kitanda kikitoka mikononi mwako unajua mjukuu wa mteja naye atakilalia. Miaka mitatu hii mambo yamegeuka. Watu wanakuja na picha kwenye simu: kabati jeupe, refu mpaka dari, milango haina vishikio. Hilo hulitoi kwenye mninga kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Basi na mimi nikaingia kwenye MDF, zile bodi za kiwandani za mbao iliyosagwa.

Mwezi uliopita nikapata kazi Chuno. Nyumba mpya, chumba cha binti wa miaka 6, futi 10 kwa 10, dari ya jipsamu futi 9, dirisha moja la alminiamu la kusukuma. Walitaka kabati la ukuta mzima, kitanda chenye droo chini, na meza ya kusomea. Nilimaliza bodi 9 za milimita 18. Nje nikapiga rangi nyeupe mikono mitatu, kazi ikang'aa, mama mtoto akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuangalia. Ndani ya kabati, migongoni, uvunguni mwa kitanda, chini ya rafu, sikupaka kitu. Bajeti ilikuwa imebana, nami nikajiambia huko nani ataona.

Siku ya tano simu ikaita. "Fundi, ulipaka nini humu ndani?" Mtoto anaamka macho mekundu, koo linamwasha, usiku anakohoa. Na ana pumu tangu mdogo. Ijumaa wakampeleka kwa bibi yake Mikindani, Jumamosi na Jumapili mzima kabisa, anakimbizana na wenzake ufukweni. Jumapili usiku karudi kulala chumbani kwake, asubuhi macho yale yale. Daktari kampa dawa ya matone, akauliza kama kuna kitu kipya nyumbani. Mama mtoto akanifikiria mimi.

Nilikwenda. Mchana ule AC ilikuwa imezimwa, dirisha limefungwa, jua la Novemba mnalijua. Nilipofungua mlango wa kabati macho yangu yalitoa machozi papo hapo. Sikuwa na neno la kumwambia yule mama.

Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba harufu ile naijua. Nikichana bodi karakanani inanikuta hiyo hiyo, siku zote nikidhani ni vumbi. Kijana ninayemfundisha kazi ana mafua yasiyokwisha tangu Juni. Jirani yangu ni mama lishe, alilalamika vumbi linaingia kwenye wali wa wateja wake, nikatundika turubai upande wote ule. Sasa hewa haipiti, tunafanya kazi kama tupo ndani ya pipa.

Juzi mtu mmoja kijiweni kaniambia ndani ya zile bodi mna fomalini, dawa ile ile inayotumika mochwari. Sikulala. Ni kweli? Kabati niling'oe? Nikilipaka ndani itasaidia, au harufu itaisha yenyewe? Na mimi na kijana wangu tufanyeje? Sitaki mtoto wa watu aumie kwa kazi ya mikono yangu.

Chikongola Boy

Pole kaka. Hiyo ni harufu ya upya tu, kila fanicha mpya inanuka, hata gari. Mwambie mama aweke mkaa kwenye bakuli ndani ya kabati, na ua moja la ndani, lile la majani marefu. Ndani ya wiki mbili itakuwa imekwisha.

Bi Maabara (Lindi)

Kaka fundi, pole, na ahsante kwa kuuliza wazi. Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Lindi mjini, mwaka wa 14 kazini, na fomalini ni kitu ninachoshika karibu kila wiki. Nyama inayokatwa chumba cha upasuaji ili ikapimwe saratani tunaizamisha humo isioze njiani. Kwa hiyo nitakujibu ninachokijua.

Aliyekuambia hakukosea, ila kachanganya kidogo. Kuna gesi inaitwa fomaldehaidi. Haina rangi, inachoma pua na macho. Ukiiyeyusha kwenye maji kwa kiasi cha asilimia 37 hadi 40 ndiyo fomalini. Kwenye bodi hakuna aliyemwaga fomalini ya mochwari. Kilichomo ni gundi. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshikizwa kwa gundi ya yurea na fomaldehaidi, kisha zikakandamizwa kwa moto. Gundi hiyo ni rahisi na inashika upesi, ndiyo maana viwanda vinaipenda. Ubaya wake ni kwamba kuna gesi inayobaki bila kushikana na yurea, na hata ile iliyoshikana, unyevu ukiingia unaikata tena kidogo kidogo. Joto nalo linaisukuma itoke. Sasa fikiria Mtwara ya Novemba, nguo hazikauki vizuri usiku kwa unyevu, na chumba kimefungwa mchana kutwa.

Nikuambie kilichonikuta. Mwaka wangu wa pili kazini, dumu la lita 5 la fomalini liliniponyoka kwenye chumba kidogo cha hospitali niliyokuwepo wakati ule. Dirisha lilikuwa limepigiliwa misumari kwa sababu ya AC. Mwenzangu akasema ongeza AC itoe harufu. Tukaongeza. Baada ya dakika mbili hatukuweza kufumbua macho, tukatoka tunapapasa ukuta. Tangu siku ile namwambia kila mtu: AC hizi za ukutani hazileti hewa ya nje. Zinaivuta hewa ya chumbani, zinaipoza, zinairudisha hiyo hiyo. Mtoto huyo analala kwa muda wa saa kumi ndani ya hewa ileile iliyotoka kwenye kabati lako, ikiwa baridi.

Kuhusu viwango. Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 liliweka kikomo cha hewa ya ndani ya nyumba: miligramu 0.1 katika mita moja ya ujazo, wastani wa dakika 30. Hiyo ni kama sehemu 0.08 katika milioni. Kidogo sana, eti? Lakini macho na koo ndivyo vinavyoanza kulalamika, na mwenye pumu anaweza kubanwa mapema kuliko wengine. Kuhusu saratani usikose tena usingizi, ila usidharau. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, yaani IARC, liliiweka fomaldehaidi kundi la 1 mwaka 2004, maana yake ushahidi kwamba inasababisha saratani kwa binadamu unatosha, hasa ile ya nyuma ya pua. Ushahidi huo ulitoka zaidi kwa wafanyakazi walioivuta kwa miaka. Kwa hiyo wa kumwogopea kwa muda mrefu ni wewe na kijana wako. Kwa mtoto, hofu ya leo ni kifua chake.

Na haya si mageni duniani. Kimbunga Katrina kilipopiga Marekani mwaka 2005, serikali yao iliwapa waliopoteza nyumba vijumba vya magurudumu vilivyojaa bodi za gundi, vidogo na vinavyobana hewa. Watu wakaanza kulalamika macho, pua, watoto kukohoa. Vipimo vya vijumba 519 vilifanyika kati ya Desemba 2007 na Januari 2008, kipindi chao cha baridi. Wastani ulikuwa sehemu 0.077 katika milioni, na vingine vilifika 0.59. Na wakati huo watu walikuwa wameshaishi humo kitambo, joto likiwa la chini. Nimekutajia hili ili mama mtoto asiambiwe mtoto anadeka.

Mdogo wangu wa Chikongola, usinielewe vibaya, lakini mkaa wa kupikia kwenye bakuli hauivuti gesi hii kwa kiasi cha kumsaidia mtu, na hewa ya chumba haiendi kulitafuta bakuli. Maua nayo, ule utafiti maarufu wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa mwaka 1989 uliosema yanasafisha hewa ulifanyika ndani ya visanduku vilivyozibwa. Chumba si kisanduku. Na pua ina tabia ya kuzoea. Wiki mbili zikipita mama atasema harufu imekwisha, kumbe pua yake ndiyo imechoka. Usiitegemee peke yake.

Ninachokuomba ufanye kabla ya Jumamosi: mtoto atoke chumba kile usiku wa leo, alale kwa mama yake, dawa zake za pumu asiziache hata siku moja. Chumba kifunguliwe dirisha na mlango, feni ielekezwe dirishani isukume hewa nje. Halafu muulize mama swali moja kwa upole: usiku humo ndani kuna kitu kinachomwa?

FundiMkongo (Mtwara)

Dada, Mungu akulipe. Nimempigia sasa hivi. Mtoto leo analala na mama yake.

Kuhusu kuchoma, ndiyo. Nyumba waliyotoka ilikuwa na nyavu madirishani, hii mpya bado. Kwa hiyo tangu wahamie wanawasha dawa ya mbu ile ya duara, wanaiweka uvunguni, wanafunga dirisha. Na alipoona harufu ya kabati inazidi, kila Alhamisi jioni akawa anafukiza udi humo ili chumba kinukie. Baba mtoto yupo kwenye minada ya korosho, msimu huu anarudi usiku mkubwa, hata hakujua.

Sasa sijui kosa ni la kabati au la dawa ya mbu.

Bi Maabara (Lindi)

La vyote, kaka. Kitu chochote cha mimea kikiungua taratibu bila moto wa kutosha kinatoa fomaldehaidi: sigara, kuni, udi, ubani, na hiyo dawa ya duara ambayo sehemu yake kubwa ni unga wa mbao na maganda. Kuna utafiti wa mwaka 2003 uliopima dawa za duara za China na Malaysia. Kuchoma duara moja kuliweza kutoa fomaldehaidi sawa na ya sigara 51, na chembe ndogo za moshi sawa na za sigara 75 hadi 137. Ndani ya chumba cha mita 25 za ujazo, dirisha limefungwa, uvunguni mwa mtoto mwenye pumu. Mama hakujua, asilaumiwe. Sote tumelelewa na moshi ule.

Ila tafadhali sana asiambiwe aache kujikinga na mbu. Mtwara na Lindi malaria tunaijua. Chandarua chenye dawa kila usiku, kichomekwe vizuri chini ya godoro, na dirisha lipate wavu. Wewe ni fundi, fremu ya wavu ni kazi ya nusu siku kwako. Wavu ukiwepo dirisha linafunguka, na dirisha likifunguka nusu ya ugomvi huu umekwisha. Udi afukize sebuleni, milango wazi, mtoto akiwa nje. Mimi mwenyewe naupenda udi, sitamwambia mtu wa pwani auache.

Dada Saluni (Masasi)

Nimesoma hapa mpaka nimeweka simu chini. Nina saluni ndogo Masasi. Kuna dawa ya kunyoosha nywele, ukipaka halafu ukapitisha pasi ya nywele unatoka moshi, mteja anafumba macho na mimi nalia. Chupa imeandikwa haina fomaldehaidi. Dada wa maabara, na hii je?

Bi Maabara (Lindi)

Dada, angalia orodha ya vilivyomo kwa maandishi madogo. Ukiona jina methilini glaikoli, hiyo ni fomaldehaidi iliyokwisha kuungana na maji, na joto la pasi linaitoa tena kuwa gesi. Hiyo hoja ya "haina" ndiyo iliyowafanya wakaguzi wa usalama kazini wa Marekani watoe onyo mwaka 2011. Kikomo chao kwa mfanyakazi ni sehemu 0.75 katika milioni kwa wastani wa saa 8, na 2 kwa dakika 15. Saluni ya chumba kimoja yenye pazia mlangoni inaweza kufika huko haraka. Ukiweza iache kabisa. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi.

Mzee wa Keko (Nachingwea)

Wanangu, nimekaa Keko, Dar es Salaam, miaka 22 nikitengeneza fanicha, sasa nipo kwetu Nachingwea nalima. Nimeona swali la fundi nikasema nisilale kabla sijachangia.

Kwanza, kijana, usijinyonge. Hakuna aliyetufundisha. Tulitoka kwenye mbao tukaingia kwenye bodi kama mtu anayehama kutoka jembe kwenda trekta bila kuonyeshwa breki. Miaka yangu ya kwanza na chipubodi nilikuwa nalala karakanani, bodi zimepangwa kichwani pangu. Naamka kichwa kinagonga, nasema labda ni uchovu.

Pili, bodi si zote sawa. Kuna zilizogongwa muhuri E1. Hiyo ni alama ya Ulaya, maana yake bodi ilipimwa ndani ya sanduku kubwa na gesi haikuzidi miligramu 0.124 kwa mita ya ujazo. Vizuri. Lakini sikiliza sanduku lenyewe likoje: joto nyuzi 23, unyevu asilimia 45, hewa inabadilishwa yote mara moja kila saa, na kila mita ya ujazo ya hewa inawekewa mita moja ya mraba ya bodi. Nionyeshe chumba kama hicho Mtwara. Tufanye hesabu ya kwako. Bodi moja ya futi 8 kwa 4 ni karibu mita 3 za mraba kila upande. Bodi 9, pande mbili, ni mita 53. Umepaka nje tu, tuseme nusu, basi mita 26 na ushee zipo uchi. Chumba chako ni mita 25 za ujazo. Umejaza chumba kama walivyojaza sanduku lao, ila joto lako ni 31, unyevu wako ni mwingi, na hewa haibadilishwi. Hata bodi yenye muhuri ingekuaibisha humo. Na isiyo na muhuri je?

Tatu, pembe, yaani kingo za bodi pale unapochana. Uso wa bodi umekandamizwa, ni mgumu. Ukiichana, ule utumbo wa katikati ni laini, unapumua, na gesi nyingi inapitia hapo. Vitundu unavyotoboa vya kupandishia rafu ndivyo vivyo hivyo. Fundi wa Keko anayejua kazi hafungi mlango bila kuziba pembe zote nne, hata ile ya juu ambayo anaiona buibui peke yake. Kijana, uliandika kwamba nyuma nani ataona. Hilo neno liache. Nyuma ndiko kunakopumua.

Nne, watu wanadanganywa na rangi. MDF ya kijani ndani maana yake inavumilia unyevu, rangi hiyo haikuambii kitu kuhusu gesi. Plaiwudi ile nyeusi ya kumwagia zege, ambayo gundi yake ni ya fenoli, inatoa gesi kidogo mno kuliko ya yurea, ila nani ataiweka chumbani. Na kuna vanishi za kuchanganya chupa mbili zinazokauka kwa asidi, zenyewe zina fomaldehaidi. Usije ukafunika moto kwa petroli. Tumia sila ya kawaida, ile ya kuziba uso wa mbao kabla ya rangi, na rangi ya mafuta, mikono miwili mpaka mitatu, kila upande, kila pembe, kila tundu. Na upake nje ya nyumba, ikauke nje ya nyumba, maana thina nayo si rafiki wa pumu.

Kabati usiling'oe lote. Toa milango, rafu, droo, migongo. Peleka barazani.

FundiMkongo (Mtwara)

Shikamoo mzee wangu. Nimekisoma mara tatu, na kijana wangu nimemsomea kwa sauti. Swali moja: nitajuaje bodi mbaya dukani? Muhuri mara nyingine upo kwenye bodi ya juu tu ya lundo, nyingine hazina.

Bi Maabara (Lindi)

Kipimo cha kweli kinahitaji vifaa. Ila kuna kipimo cha viwandani ambacho unaweza kukiiga kwa kulinganisha tu. Wao wanatundika vipande vya bodi juu ya maji ndani ya chupa iliyofungwa, joto nyuzi 40, kwa muda wa saa 3, halafu wanapima gesi iliyoingia kwenye maji. Wewe chukua chupa za kioo zinazofanana, zile za jemu, mpya na safi. Weka maji vidole viwili, tundika kwa uzi vipande vya ukubwa mmoja vya bodi tofauti visiguse maji, na chupa moja iwe na mninga. Funga, weka juani mchana mmoja. Ukifungua usitie pua mdomoni mwa chupa! Pungia kwa mkono hewa ikufuate, kama tunavyofundishwa maabara. Haitakupa namba, itakuambia ipi ni mbaya kuliko ipi. Na wewe mwenyewe pua yako imeshazoea, mwite mtu asiyefanya kazi ya bodi.

Mzee wa Keko (Nachingwea)

Marahaba mwanangu. Na karakana yako usiisahau. Unga wa mbao, hata wa mninga wetu, nao upo kundi lile lile la 1 alilolitaja dada. Barakoa nzuri inazuia unga tu, gesi inahitaji ile yenye kopo la mkaa maalumu pembeni. Lakini dawa ya kwanza ni upepo. Ondoa turubai hilo. Msumeno utoke nje, wewe usimame upande unakotoka upepo. Na huyo mama lishe kaeni mzungumze, ni jirani.

FundiMkongo (Mtwara)

Wakubwa zangu, zimepita wiki tano, nimerudi kuwapa mrejesho. Niliwaahidi moyoni.

Jumamosi ile nilikwenda na kijana wangu na mkokoteni. Nilimweleza mama mtoto kila kitu, pamoja na kwamba ndani sikupaka kwa sababu niliona hakuna atakayeona. Ilikuwa ngumu kulitamka. Alikaa kimya, akasema, "Basi lipake, fundi." Baba mtoto alitaka kulipa nusu ya vifaa, nikakubali kwa sila na rangi, kazi ya mikono sikuchukua kitu.

Tulitoa vipande 31. Vilikaa barazani kwao siku 16, upepo wa kaskazi ukavipiga, kila kipande kikapakwa mikono mitatu pande zote. Vitundu vya rafu nilivihesabu, 88, visivyotumika nikaviziba kwa vijiti vya mninga na gundi nyeupe. Maboksi yaliyobaki ukutani niliyapaka yakiwa pale pale, dirisha na mlango wazi, hakuna aliyelala chumba hicho wala cha jirani. Wavu nimeweka dirishani, fremu ya mkongo, kipande kilichobaki tangu enzi za mjomba. Dawa ya duara wameacha, chandarua kimefungwa, udi unafukizwa sebuleni.

Mtoto amerudi chumbani kwake siku ya 25. Leo ni usiku wa kumi. Macho meupe. Kukohoa alikohoa usiku mmoja, ule ambao mgeni alifunga dirisha kwa kudhani mvua inakuja. Mama anaandika kwenye daftari kila asubuhi, daktari aliomba hivyo.

Karakanani turubai nimeshusha. Mama lishe tumekubaliana: nachana bodi kuanzia saa kumi jioni akishafunga, na mimi nimemtengenezea meza mpya ya kukatia mboga. Kijana wangu nilimpeleka hospitali, ameambiwa apumzike kuchana bodi mwezi mmoja. Sasa anajifunza kuchonga miguu ya vitanda kwa mkongo, na mkono anao.

Chupa nilifanya. Nne: bodi za maduka matatu na mninga. Aliyenusa ni mke wangu. Ya mninga alisema inanuka kama nyumbani kwa babu yake Newala. Mbili zikamfanya akunje uso. Ya nne, ile niliyotumia Chuno, aligeuka akaenda uani kunawa macho. Nikarudi kwa muuzaji nikamuuliza bodi zile zinatoka kiwanda gani na karatasi ya vipimo ipo wapi. Alinitazama muda, akasema miaka yote anauza hakuna fundi aliyewahi kumuuliza hivyo. Kaniahidi kuuliza alikozitoa. Kesho narudi.

Kijana wa Newala

Njomba, zile mbili za kukunja uso, ipi ina muhuri wa E1 na inauzwaje? Nina oda ya vitanda 24 vya hosteli ya wanafunzi, nilikuwa nichukue bodi Jumatatu.

FundiMkongo (Mtwara)

Ya chupa ya pili ndiyo yenye muhuri kwenye kila bodi. Imezidi ile mbaya kwa shilingi 9,000. Njomba, kwa hosteli usifanye MDF kabisa, fremu fanya mbao, zungumza nao bei. Wakikataa nipigie kabla hujachana, nije Newala tuzibe pembe pamoja.